Mimi ndiye yule bibi "aliyezaa bila kulia". Leo nausema ukweli wa sindano ya Iringa

Kamwene wakuu. Wasiojua Kihehe, hiyo ni salamu, itikieni tu.

Mimi ni mwanachama wa siku nyingi humu, ila huwa napita kimyakimya nikisoma mnavyogombania mpira. Leo nina langu. Nina miaka tisini na ushee, meno yamebaki ya kuhesabika, akili ziko zote. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, sijaandikiwa na mtu. Na sitatia chumvi, maana daktari alinikataza chumvi tangu zamani.

Sababu ya uzi huu ni group la WhatsApp la ukoo wetu.

Mjukuu wangu Neema ana mimba ya kwanza, anatarajia kujifungua wiki ijayo. Hospitali wamempa nafasi ya kuchagua: kuchomwa sindano ya mgongo ya kupunguza uchungu, ile wanayoiita epidural, au kwenda hivyohivyo. Akauliza kwa adabu kwenye group, jamani wakubwa zangu, mnanishaurije?

Kosa lake ni kuuliza ukoo.

Ndani ya dakika kumi walijitokeza mabingwa wa uzazi ambao sikujua kama ninao. Wengi wao wanaume. Mwanangu wa kwanza, mzee mzima mwenye mvi, aliandika aya tatu kuhusu wanawake wa siku hizi walivyo legelege. Huyu ni mtu ambaye mwezi uliopita aling'olewa jino, akachomwa ganzi mara mbili, akaomba ya tatu.

Na wote walimalizia na hoja moja, ile ya kufunga mjadala: "Bibi alizaa watoto sita na hakulia hata mara moja. Wewe ni nani?"

Neema akajibu, "Sawa. Sitachoma."

Jioni akanipigia. "Bibi, uliwezaje?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri tu.

Sasa twende taratibu. Nianze na sifa zangu, maana nisipozisema mimi hakuna wa kuzisema vizuri.

Nimezaliwa kijijini Idodi, enzi ambazo barabara ya kwenda kwenye wanyama ilikuwa ya wanyama wenyewe. Sikusomeshwa na mjomba mwenye cheo. Nilisuka vikapu vya milulu, yale majani marefu ya majimaji, nikavibeba kichwani hadi Iringa mjini, nikawauzia wake wa walowezi, na hiyo ndiyo ikawa ada. Nikasoma kwa wamisionari. Nikaomba nafasi ya kwenda mbele, nikakataliwa. Nikaomba tena, nikakataliwa kwa barua ndefu zaidi. Nikaomba tena.

Mwishowe nikapanda meli kwenda Uingereza kusomea uuguzi na ukunga. Miaka ya hamsini hiyo, kabla ya uhuru. Nikarudi na diploma.

Sizungumzii cheti cha semina ya siku mbili mnachopewa pamoja na fulana. Diploma. Ina mhuri, ipo ukutani hapa ninapoandika. Wenye digrii tatu mnaruhusiwa kuja kuitazama, ila msiguse kioo.

Kule, mama akiingia leba alikuwa anaulizwa: utavuta gesi ya kupunguza uchungu, utachomwa sindano, au utaacha? Wengine walikubali, wengine walikataa, na hakuna aliyeitiwa kikao cha ukoo. Nilijifunza kuitoa gesi, nikajifunza kuichoma ile sindano ya pethidine, ya pajani si ya mgongo, nikajua inafaa saa ngapi na haifai saa ngapi. Hilo la saa likumbukeni, nitalirudia.

Nikapangiwa hospitali moja Mbeya, jina lake mniachie.

Ilikuwa na pande mbili. Upande wa Wazungu kulikuwa na mashine ya gesi na sindano kwenye kabati lenye ufunguo. Upande wetu kulikuwa na dawa moja, inaitwa "vumilia". Hiyo haikuisha hata siku moja, wala haikuhitaji kuagizwa Dar.

Mtadhani mimi, msomi wa Ulaya, niligonga meza ya daktari. Thubutu. Niliona ni rahisi zaidi kuigeuza ile dhiki kuwa sifa. Nikasimama katikati ya wodi na kofia yangu nyeupe iliyopigwa wanga, nikawatangazia akina mama kuwa Wazungu ni laini, sisi wa nyanda za juu tumeumbwa kwa jiwe. Na anayelia nilimpa ule usemi ambao nasikia manesi wengine wanao hadi leo: "Ulipokuwa unaitafuta, ulilia hivi?"

Mtanisamehe au hamtanisamehe, bado sijafika kwenye ubaya wenyewe.

Enzi zile ndugu wakisubiri nje ya wodi, swali la kwanza halikuwa mtoto wa kike au wa kiume. Wala halikuwa mama ni mzima. Lilikuwa "Alilia?"

Aliyenyamaza alipokewa kwa vigelegele, kuku na kanga mpya. Aliyelia alipata uji na jina la utani la kudumu.

Na aliyekuwa anasimama mlangoni kujibu lile swali ni mimi. Nilijibu kwa sauti kubwa, kama hakimu anayesoma hukumu. Bahari zote zile nilizovuka, nimekuja kuwa shahidi wa nani kapiga kelele.

Siku moja akaja binti wa Kinyakyusa anaitwa Tupokigwe. Umri miaka kumi na tisa hivi, mume wake seremala wa Mwanjelwa, hapohapo Mbeya. Mwanjelwa ile ya zamani, msiifikirie hii ya maduka. Mimba ya kwanza.

Alilia. Alilia kwa Kinyakyusa, alilia kwa Kiswahili, akamwita mama yake, akamwita Yesu, mwisho akaniita mimi. Yesu sijui alimjibu nini. Mimi nilimwambia usemi wangu.

Nilipotoka, mama mkwe wake alikuwa mbele kabisa. "Sista, alilia?"

"Alilia mpaka mabati yakatikisika," nikasema.

Watu wakacheka sana. Nami nikacheka, nilikuwa mcheshi. Wiki haikuisha, Mwanjelwa yote ikawa inamwita Mama King'ora. Mtaji wa jina hilo niliutoa mimi, bure kabisa.

Mwaka uliofuata ikawa zamu yangu.

Mume wangu alikuwa karani, kwao Iringa, mtaa wa Mlandege. Mama mkwe akatuma salamu kwamba mjukuu wake wa kwanza lazima azaliwe Iringa, "nisikie kwa masikio yangu". Angalieni neno hilo. Hakusema "nimwone".

Nikapanda basi, vumbi la mwezi wa nane likanipaka poda hadi kope. Nilipofika, mama mkwe alikuwa ameshaalika Mlandege nzima. Kanga imenunuliwa, kuku amefungwa mguu uani, ananitazama kwa chuki kana kwamba ni mimi niliyepanga.

"Mkamwana wangu amesoma Ulaya," aliwaambia majirani, mimi nikiwa nimekaa palepale. "Lakini hajaharibika. Mtaona siku yenyewe. Hata nzi hatashtuka."

"Tutasikia, mama," wakajibu.

Uchungu ulinianza asubuhi nikichambua maharage. Tukaenda hospitali, wanawake wa Mlandege nyuma yetu na mikeka yao, kama wanakwenda harusini. Mama mkwe akatandika mkeka chini kabisa ya dirisha la leba. Dirisha lenyewe halikuwa na kioo.

Nesi wa zamu alikuwa Zubeda, mwenyeji wa Iringa, babu zake walikuja na biashara kutoka pwani wakanogewa na baridi. Tulifahamiana, maana aliwahi kuletwa Mbeya miezi michache nikamfundisha kazi. Usemi wangu aliujua kwa moyo.

Saa nne asubuhi nilikuwa nampa maelekezo. Saa sita mchana nilikuwa bado mwenye diploma. Ilipofika saa nane sikuwa na diploma, sikuwa na kabila, na Kiingereza chote kilikuwa kimerudi kwao. Mgongo ulikuwa unapasuliwa kama gogo. Na nje nilimsikia mama mkwe akikohoa, kile kikohozi cha mtu anayekukumbusha kwamba yupo.

Zubeda akaniinamia. "Dada, pethidine ipo. Daktari amesema wewe ni mfanyakazi mwenzetu na diploma yako ni ya kwao Ulaya, kwa hiyo chagua mwenyewe. Alisema hivyo tangu asubuhi, wewe ndiye umekataa."

Ni kweli, asubuhi nilikataa. Nilikataa kwa kucheka.

Sasa nikafikiria. Wakuu, sikufikiria mtoto. Sikufikiria afya yangu. Nilifikiria lile dirisha. Nilijua uchungu ukija mara mbili zaidi nitapiga yowe litakalosikika hadi mtaa wa Kihesa. Ndipo akili yangu ya Ulaya ikaniletea jambo ambalo halikuwa limenijia: sindano ndiyo itakayoninyamazisha.

"Nichome," nikamnong'oneza. "Ila asijue mtu."

Zubeda akasimama wima. "Dada. Si wewe unayewaambia wenzio kuwa wameumbwa kwa jiwe?"

"Zubeda, choma."

"Nachoma. Nataka tu nielewe vizuri. Nikuchome ya uchungu au ya mkweo?"

"Zote mbili," nikasema.

Akachoma.

Wanaouliza inakuwaje, nawaambia kama ilivyokuwa kwangu. Uchungu haukuondoka, ulihamia chumba cha pili. Nilikuwa nausikia kama majirani wanaogombana ukutani. Nikaweza kufunga mdomo.

Lakini kumbukeni nilisema kuna saa yake. Dawa ile ukiipata mapema, mwili unapata muda wa kuimaliza. Ukiipata mtoto akiwa mlangoni, analewa na yeye. Hilo nililifundisha kwa mdomo wangu, kwa huyohuyo Zubeda. Na mimi niliikataa asubuhi kwa kiburi, nikaikubali alasiri kwa aibu.

Mtoto akatoka. Kimya.

Alikuwa laini kama kitambaa kilicholowa. Zubeda akampangusa, akamsugua mgongo, akamgonga nyayo, akampulizia. Nje wanawake kimya, ndani kimya. Sijawahi kusikia ukimya mrefu kama ule, na mimi ndiye niliyeutaka.

Halafu akalia. Kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa kudaiwa.

Dirishani sauti ya mama mkwe ikaingia kabla ya pumzi yangu kurudi. "Nesi! Alilia?"

Zubeda akanitazama. Nikamtazama. Akageukia dirisha.

"Hakulia, mama."

Vigelegele vilivyopigwa siku ile, nadhani hata yule kuku alivielewa. Na juu ya vigelegele nikamsikia mama mkwe: "Na mtoto mmemsikia? Na yeye alinyamaza kwanza! Damu hiyo! Hata nzi hakushtuka!"

Mtoto aliyekaribia kufa kwa ajili ya kiburi cha mama yake akapewa cheo cha ushujaa kabla hajapewa jina. Ndiye huyohuyo wa aya tatu na jino. Mwanangu, kama unasoma, ulikuwa umelewa.

Nikarudi Mbeya. Sifa zilinitangulia, maana basi hubeba maneno kabla halijabeba abiria. Kazini nikawa na silaha mpya. Sikusema tena "sisi tumeumbwa kwa jiwe". Nilisema "mimi mwenyewe".

Siku moja nikiwa Mwanjelwa natafuta mboga, mtu akaniita, "Sista!" Alikuwa Tupokigwe, mtoto mgongoni, mimba nyingine mbele, na mkungu wa ndizi kichwani.

Akautua miguuni pangu. "Hongera Sista. Tumesikia ya Iringa. Wewe ndiye mwanamke. Hizi zimetoka kwetu Tukuyu, nimekuletea."

Nikasema asante.

Akasogea karibu, akashusha sauti. "Sista, safari hii sitaki waniite tena lile jina. Nataka niwe kama wewe. Nifundishe ulifanyaje."

Palikuwa na watu wachache. Ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja tu: nilichomwa sindano.

Nikamwambia, "Ng'ata kanga."

Nikachukua ndizi nikaondoka. Zilikuwa tamu, nalisema hilo maana niliwaahidi ukweli.

Alikuja wodini baada ya wiki kadhaa, mchana, wodi imejaa. Alikuwa ametulia, pembe ya kanga mdomoni. Nikamtupia jicho, nikaona hana kelele, nikasema, "Huyu bado sana, mwekeni kitanda cha mwisho." Nikaenda kwa aliyekuwa anapiga yowe.

Hapo ndipo kosa lilipo, na ni kosa ambalo Mzungu asingeweza kulifanya, kwa sababu kule anayenyamaza wanamwendea kumuuliza. Sisi tuliowafundisha watu kunyamaza tukaanza kupima uchungu kwa masikio. Mimi, miaka yote ile darasani, nilisahau kuwa nina mikono ya kupimia.

Nilipopita baadaye nikaona blanketi limelowa. Nikafunua. Alikuwa amejifungua peke yake. Mtoto wa kike, mzima, amelala kwenye damu iliyokuwa bado inatoka, na inatoka kwa wingi. Tupokigwe midomo imekuwa myeupe. Akaitoa ile kanga mdomoni, akanitazama, akasema:

"Sista, sijalia."

Daktari alimkimbiza chumba cha upasuaji. Walimwokoa. Kumwokoa kulikuwa ni kuondoa kizazi. Alikuwa na miaka ishirini na moja, na hakuzaa tena.

Nilitoka nje. Mkwewe alikuwa pale mbele, kama kawaida. "Sista, alilia?"

Nikampita. Tangu siku ile sikulijibu tena lile swali, kwa mtu yeyote.

Siku ya tatu nikaketi kando ya kitanda chake nikamwambia. Yote. Dirisha, Zubeda, pethidine, mtoto aliyelewa. Nilisema nikiangalia sakafu, sakafu ilikuwa safi sana.

Kisha akauliza, "Kwa hiyo ulichomwa."

"Nilichomwa."

"Na ndizi zangu ukala."

"Nilikula."

"Zote?"

"Nyingine niligawa."

"Basi nirudishie ndizi zangu," akasema, akaanza kucheka, huku ameshika kidonda kwa mikono miwili kwa maumivu, akisema, "usinichekeshe Sista, usinichekeshe." Mimi sikuwa nimesema kitu. Machozi ndiyo yalikuwa yananitoka.

Alipotulia akasema, "Na lile jina uniondolee. Wewe ndiye uliyeniletea."

Nikamwahidi.

Ndizi nilimpelekea wiki hiyohiyo. Na nijisifu kidogo, nimewavumilia muda mrefu bila kujisifu: ile meza ya daktari niliigonga. Niliigonga mara nyingi mpaka akachoka na sura yangu. Ilichukua zaidi ya mwaka, ila lile kabati likafunguliwa na kwa upande wetu. Nikawa naingia wodini nauliza, mama, utapenda sindano au utaacha? Waliotaka nikawachoma mapema, kwa saa yake. Wasiotaka nikawashika mkono, na wakilia nikawaambia lieni. Watoto wangu watano waliofuata, wawili nilizaa na sindano, watatu bila. Na hao watatu, wakuu, nililia nao mpaka mabati yakatikisika. Mama mkwe hakuwepo, nilizalia Mbeya makusudi.

Lakini jina sikumwondolea.

Kumwondolea jina kulitaka nisimame Mwanjelwa niseme mimi ndiye muongo. Nikawa nasema kesho. Kesho ikawa uhuru, kesho ikawa ustaafu. Tupokigwe alizeeka akiitwa Mama King'ora, na siku ya msiba wake wapo vijana waliokuwa hawajui kabisa kwamba alikuwa na jina jingine. Siri yangu aliifunga mdomoni hadi kaburini, aliyekuwa anasemwa kwamba hajui kufunga mdomo.

Na mimi, nilipoona Neema ameandika "Sitachoma", niliiona ile kanga mdomoni mwake.

Jana nilimpigia, mtandao ukiwa mzuri kama juzi. Nikamsimulia yote haya. Akauliza, "Kwa hiyo Bibi, nichome?"

Nikamwambia mimi ni mkunga, sio mgongo wako. Muulize daktari wako ina faida gani, ina madhara gani, saa yake ni ipi. Kisha chagua, na ukibadili mawazo katikati sema kwa sauti. Ameamua nini sijui, wala sikumuuliza.

Nilichojifunza ni kifupi. Kuchoma si aibu na kutochoma si ushujaa. Aibu ni kuuficha ukweli halafu ukamfundisha mwenzio kwa uongo wako. Kumnyamazisha mwenye uchungu hakuhitaji diploma, mjinga yeyote anaweza.

Link ya uzi huu naiweka sasa hivi kwenye group la ukoo. Wiki ijayo nitakuwa kwenye benchi nje ya leba, na fimbo yangu. Atakayeuliza "Alilia?" ajue fimbo hii ni ya mninga.

Karibuni mseme yenu. Akina mama waliochoma, ambao hawakuchoma, na manesi mlioko kazini. Na hata mwenye matusi aje, nayastahili kiasi.

Ila nina ombi moja kwa mwanachama anayeishi Mwanjelwa. Ukiwasikia wazee wa hapo wakimtaja Mama King'ora, waambie jina lake lilikuwa Tupokigwe. Waambie pia kwamba yule nesi aliyemcheka alichomwa sindano.